Paja la Fundi Umeme

Asubuhi nyingi za majira yale ya baridi niliamshwa na Ewald Rogalla akilitukana paja lake mwenyewe. Nyumba zetu zimeshikana ubavu kwa ubavu, kama nyumba zote za mtaa wa wachimbaji hapa mjini Bottrop, na kampuni ya mgodi iliyojenga ukuta wa katikati haikuwaza siri za watu. Nilisikia kitanda kikilia, fimbo ikigonga sakafu, kisha maneno. Aliliita paja lake vivu, doezi, na siku mbaya zaidi aliliita meneja. Kwa mtu aliyefanya kazi chini ya ardhi mpaka mgodi ukafungwa, hakuna tusi linalopita hilo.

Ewald alikuwa fundi umeme wa mgodini. Pampu zilizonyonya maji kule chini, feni zilizoleta hewa, mikanda iliyobeba makaa, vyote vilipata umeme kupitia mikono ya watu kama yeye. Mgodi ulipofungwa akabaki na mkewe. Mkewe alipofariki akabaki na njiwa wa mashindano, wale wanaokabidhiwa klabuni, wakapelekwa mbali na kushindana kurudi nyumbani, waliokaa bandani darini kwake, na binti mmoja, Silke, anayeishi mji wa jirani, Essen. Kisha vuli iliyopita akabadilishiwa goti la kulia. Daktari alifanya kazi safi. Kovu lilinyooka kama mshono wa suti. Lakini ule msuli wa mbele wa paja, unaonyoosha goti, ulilala siku ya upasuaji na haukuamka tena. Ulinywea mpaka suruali ikampwaya mguu mmoja. Akiketi na kuuambia mguu unyooke, kisigino kilibaki sakafuni kana kwamba aliyeambiwa ni mwingine.

Bandani kwa njiwa hapafikiki kwa ngazi ya kawaida. Ipo ngazi ya mbao iliyosimama karibu wima na kupenya tundu la dari, na vipandio vyake vimelika katikati kwa miaka ya viatu. Siku ya Krismasi Silke alifika na sahani ya saladi ya viazi, akamkuta baba yake amekwama katikati ya ngazi hiyo, ameikumbatia, jasho linamchuruzika. Silke hakupiga kelele. Alisubiri ashuke, akamkalisha jikoni, akasema mbele yangu, maana nami nilikuwa nimeleta keki:

"Baba, nakupa mpaka mashindano ya kwanza ya Mei. Ukipanda mwenyewe hadi juu, bila mtu kukugusa, njiwa wanabaki. Usipoweza, wanauzwa wote na lile tundu naliziba kwa mbao."

"Wewe na nani?"

"Mimi na misumari."

"Hii nyumba yangu!"

"Na atakayekuja kukuokota sakafuni ni mimi. Toa mkono."

Alitoa mkono. Aliubana wa binti yake hadi Silke akakunja uso, lakini hakuna aliyeachia wa kwanza. Watu wa mgodini hawaandikiani mikataba. Mkono ukishatolewa, neno halirudi, hata kama umetolewa kwa hasira. Pengine hasa kama umetolewa kwa hasira.

Kuanzia siku hiyo kazi ya kulisha njiwa ikawa yangu. Nilipanda na kopo la mahindi na mbaazi, naye akasimama chini ya tundu ameegemea fimbo, ananiongoza kwa makelele.

"Usiwapigie mluzi! Wewe ni nani wa kuwapigia mluzi? Tikisa kopo!"

"Nimetikisa, Ewald."

"Umetikisa kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Tikisa! Yule wa kijivu mwenye doa shingoni amekula?"

"Wote wa kijivu wana doa."

"Mungu wangu! Jirani, shuka. Shuka, nife leo leo yaishe."

Nami ndiye niliyempeleka kwa gari kwenye kituo cha mazoezi ya viungo. Mtaalamu aliyepangiwa anaitwa Nesrin Tekdal, mjukuu wa mchimbaji aliyetoka Uturuki, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Siku ya kwanza alimlaza Ewald kitandani, akampachika vibandiko viwili vyenye nyaya juu ya paja, akawasha kisanduku kidogo kinachoweza kukaa kiganjani. Paja likaruka. Ewald naye akaruka, akasema neno lililomfanya mama wa kitanda cha pili ageukie ukutani.

"Umeme unakuja, unakaa kidogo, unapumzika, unarudi," Nesrin akamwambia. "Ukija, na wewe kaza. Sukuma goti chini kitandani, unyooshe mguu. Pamoja nao."

"Binti, mimi nimefanya kazi ya umeme kabla mama yako hajazaliwa."

"Vizuri. Basi kaza."

"Nikaze nini? Hiki si kina umeme? Ukishawasha pampu, unabaki pale unavuta maji kwa ndoo?"

"Mguu si pampu, Bwana Rogalla. Ubongo wako umepoteza njia ya kufika kwenye huo msuli. Umeme unagonga mlango kutoka nje. Usipoitika kutoka ndani, unagonga bure."

Ewald aliniangalia kama shahidi wa upande wake. Nikatazama dirishani.

Alipewa kisanduku kwenda nacho nyumbani. Alikitumia bila kukosa hata siku moja, hilo nalishuhudia, lakini alikitumia kwa akili ya mgodini: mashine ikiwa na umeme, mtu husimama pembeni na mikono yake. Alijilaza kwenye kochi mbele ya mpira wa televisheni, akawasha, akaongeza nguvu hadi ngozi ikawa nyekundu, akaliacha paja lirukeruke lenyewe huku akinywa bia yake na kumfokea mwamuzi. Niliwahi kumkuta hivyo, paja linaruka, yeye anakoroma.

"Ewald, Nesrin alisema ukaze."

"Nesrin alisema, Nesrin alisema. Mwoe basi."

Januari ikapita. Februari ikapita. Kila Jumatatu Nesrin alizungusha utepe wa kupimia pajani, na kila Jumatatu aliandika namba ileile. Mguu ulikuwa umeanza kuinuka kidogo kutoka kitandani, ukitetemeka, lakini goti halikunyooka hadi mwisho. Ewald akapata jibu lake: kisanduku ni kibovu. Alikiweka juu ya meza ya jikoni, akakifungua kwa bisibisi, kitu alichokatazwa waziwazi, akatoa mita yake ya zamani na kukipima kutwa nzima akiwa na miwani puani. Jioni aligonga ukutani kuniita.

"Kiko sawa," akasema.

"Si ndiyo afadhali?"

"Afadhali nini? Kingekuwa kibovu ningekitengeneza!" Alikitupa kwenye kochi. "Kiko sawa! Ndicho kinachoniua!"

Sikuwahi kumwona na hasira ya aina ile. Hasira zake za kawaida zilikuwa na mtu wa kutupiwa: serikali, mwamuzi, mimi. Hii haikuwa na pa kwenda.

Machi, Silke alimchukua kununua viatu, mimi nikiwa kiti cha nyuma, na njiani akasema lazima apitie mazoezini kwake kidogo, ana miadi. Mazoezi yenyewe ni hayahaya ya umeme, ila kwa watu wazima wenye afya: unavaa fulana iliyojaa vibandiko, inalowanishwa maji ili umeme upite vizuri, unafungwa nyaya kwenye mashine, unachuchumaa na kuinuka mara moja kwa wiki, unaondoka. Miji yetu imejaa maduka ya namna hiyo. Alichosahau Silke, au labda hakukiwaza, ni kwamba duka lake lipo ndani ya bafu la zamani la wachimbaji, lilelile ambalo baba yake alijiosha vumbi la makaa kila alipotoka zamu.

Tuliingia. Minyororo iliyokuwa ikipandisha nguo zetu za kazi hadi darini bado ilining'inia, imesuguliwa ikang'aa, na taa za rangi zimefungwa humo. Ewald alisimama chini yake. Nami pia nilioga pale miaka yangu michache ya ujana kabla sijaenda kazi za ofisini, kwa hiyo nilijua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta ndoano yake ya nguo.

Katikati ya ukumbi watu wanne waliovaa fulana nyeusi zinazochuruzika maji walikuwa wamechuchumaa na kutetemeka, nyuso nyekundu kama nyanya. Silke akajiunga nao. Kijana anayewasimamia, Jannik, alipiga makofi: "Umeme unakuja! Kazeni! Kazeni kila kitu, msiniachie!"

"Wanalipa?" Ewald akaniuliza, si kwa sauti ndogo.

"Wanalipa."

"Wanalipa ili wachoke? Humu?" Sasa ukumbi mzima ulisikia. "Humu tuliingia hatujiwezi kwa uchovu, tukalipwa sisi! Leo watu wanatoa fedha ili wahangaike mahali nilipojisugua mgongo!"

"Mzee, samahani, kuna wateja," Jannik akasema.

"Naona wateja! Naona wanavyotetemeka! Silke! Inuka hapo!"

"Baba, funga mdomo," Silke akasema akiwa amechuchumaa, meno yamebana.

"Mbona unahangaika hivyo? Si una umeme mwili mzima? Uache ukufanyie!"

"Nikiuacha... unanitingisha tu... kama gunia!" Umeme ukakata, akavuta pumzi. "Unadhani mimi nachoshwa na mashine? Nachoshwa na kukaza! Mashine inazidisha nilichonacho. Nisipoleta kitu, inazidisha nini?"

Umeme ukarudi, Silke akashuka tena, mapaja yake yakasimama kama kamba zilizovutwa. Ewald aliyatazama. Kisha akamgeukia Jannik, akasema naye avalishwe fulana, hapohapo, atawaonyesha. Jannik akauliza kuhusu mguu, akajibiwa, akakataa. Mwenye goti jipya hamfungi kwenye ile mashine, aendelee na mtaalamu wake. Ewald alitoka nje bila kuaga. Viatu havikununuliwa.

Jumatatu iliyofuata alimwambia Nesrin kabla hata hajavua koti: "Leo nitakaza."

Alilala. Nesrin akaweka vibandiko, kisha akaweka kiganja chake juu ya paja, akaacha hapo. Nilikuwa kwenye kiti changu cha kila siku karibu na mlango. Umeme ukaja, ukaenda. Ukaja tena.

"Unaachia," Nesrin akasema.

"Nakaza!"

"Unakaza kabla. Umeme ukifika tu, unaachia. Mkono wangu uko hapa, usinidanganye."

"Nimekwambia nakaza! Unaniita mwongo?"

"Nakuita mtu anayeachia. Tena. Umeona? Umeachia."

Ewald akaketi, akang'oa vibandiko kwa mkono mmoja. Nilidhani ameshaondoka. Lakini alibaki ameketi, anauangalia mkono wake wa kulia, na alipoongea alikuwa bado anafoka, ila hakumfokea yeyote kati yetu.

"Unajua ni nini umeme kumshika mtu? Hujui. Mwaka wangu wa kwanza, mwenzangu Alfons alishika kebo waliyoapa kwamba imezimwa. Mkono ukajifunga. Watu husema alishika kebo. Hakushika! Kebo ilimshika yeye! Ananitazama, anataka kufungua vidole, msuli haumtii. Mpaka nikakimbilia swichi. Ukigusa chochote kule chini, unagusa kwa mgongo wa mkono, ili ukijikunja ujikunje kuelekea kwako. Ukiusikia umeme, unaachia. Unaachia hata kama umelala. Tulifundishwa hivyo, nikawafundisha vijana hivyo, nikawapiga makofi waliosahau! Halafu wewe unakuja na vibandiko vyako unaniambia nikaze!"

Mama wa kitanda cha pili alikuwa ameacha mazoezi yake. Nesrin hakumpa pole. Nilimwona naye amepandwa na hasira, shingo imemwiva.

"Miezi miwili!" akasema. "Miezi miwili nakupima na utepe, narudi nyumbani najiuliza nimekosea wapi, na wewe umekaa na jambo hilo! Ungeniambia Januari!"

"Hukuniuliza!"

"Nikuulize kama una rafiki aliyeshikwa na kebo?"

Akaenda kabatini akabamiza milango miwili kabla ya kupata alichotaka. Alirudi na kisanduku kingine, kikubwa kidogo, chenye kioo. Akamlaza tena, akapachika vibandiko vipya na kimoja cha ziada. Tukangoja. Hakuna kilichotokea.

"Kimekufa," Ewald akasema.

"Hakijafa. Hiki hakikugusi mpaka uanze wewe. Kinausikiliza msuli. Ukikaza ukafikisha mstari huu kwenye kioo, ndipo kinaleta umeme kukusaidia. Usipokaza, tutakaa hapa mpaka nifunge. Swichi ni wewe mwenyewe."

Ewald alikaza. Kwenye kioo kialama kilipanda kidogo, kikaanguka chini ya mstari. Akakaza tena. Kikaanguka.

"Ndiyo hicho tu?" Nesrin akauliza. "Makelele yote yale, kumbe nguvu ni hizo?"

"Binti, usinichokoze."

"Binti yako ameshanunua misumari, nasikia."

Nakiri ni mimi niliyemwambia. Ewald alinigeukia kwanza, na macho yale sitayasahau. Kisha akakaza meno, shingo, ngumi, kila alichonacho, na kialama kikavuka mstari. Umeme ukamkuta tayari ameshika. Paja likajaa, goti likashuka hadi likakandamiza kitanda, kisigino kikainuka hewani, kikabaki hapo.

"Usiachie!" Nesrin akapaza sauti.

"Siachii! Nyamaza!"

Nesrin alimpa kisanduku kile kwenda nacho nyumbani, na tangu hapo kelele za asubuhi upande wa pili wa ukuta zilibadilika. Alijua sasa kwamba kisanduku hakiamki bila yeye, na alijua pia kwamba akiwa mtulivu kialama hakivuki mstari. Kwa hiyo alijitafutia ugomvi. Alimkumbuka meneja aliyesoma tangazo la kufungwa kwa mgodi akiwa amevaa kofia mpya isiyo na vumbi. Alimkumbuka Jannik na minyororo iliyosuguliwa. Alinitaja hata mimi na mluzi wangu. Baada ya wiki kadhaa mstari ulipandishwa, akaongeza maadui. Nesrin alimkataza kulala kwenye kochi: afanye ameketi, kisha amesimama, kisha akipanda kipandio cha mlangoni. Suruali ikaanza kujaa.

Silke alikuja Jumamosi moja kabla ya mashindano ya kwanza. Hakuvua koti. Alisimama kando ya ngazi, mikono imefumbatwa kifuani.

"Haya, Baba."

"Usinihimize."

Alipanda. Aliweka mguu wa kulia juu ya kila kipandio, ule wa goti jipya, ingawa angeweza kuutumia wa kushoto na kuuvuta mwingine, na hakuna sharti lililomkataza. Polepole sana. Katikati ya ngazi alisimama, nikamsikia akimtaja yule meneja kwa jina, kisha akaendelea mpaka miguu ikapotea kwenye tundu la dari. Juu mabawa yalivuma. Kisha sauti yake ikashuka:

"Jirani! Nani kaweka maji upande wa jua?"

Silke alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Sasa ashuke."

"Mkono ulitolewa kwa kupanda!" Ewald akafoka kutoka juu.

"Unataka kuishi huko?"

Kushuka ndiko kulikokuwa kugumu, na wote watatu tulijua. Nesrin alikuwa ameniambia kwamba msuli huchoka zaidi ukimteremsha mtu kuliko ukimpandisha. Alishuka kinyumenyume, na alipofika katikati mguu wa kulia ukaanza kutetemeka. Ulipinda. Mwili ukateleza, mikono ikadaka. Silke aliruka, akaweka bega lake chini ya kiatu.

"Toa bega!"

"Utaanguka!"

"Nimesema toa bega! Unataka kuwauza kwa hila? Toa!"

"Kaza basi, Baba! Kaza!"

"Nimekaza! Huoni? Nimekaza, toa!"

Silke alitoa bega. Niliona uso wake alipolitoa. Hakuwa anawaza njiwa. Kiatu kilibaki hewani kidogo, kikatafuta kipandio, kikakipata. Paja likajikaza ndani ya suruali mpaka kitambaa kikavutika, na Ewald akasimama juu ya mguu ule mmoja, bila kisanduku wala waya, akitweta.

Alipofika sakafuni wakaanza kugombana papo hapo. Silke alisema amemgusa, kwa hiyo ahadi ya mkono imevunjika. Ewald alisema amemgusa bila kuombwa, tena wakati wa kushuka, na kushuka hakukutajwa Krismasi. Wakaniita shahidi. Nikasema kushuka hakukutajwa. Silke akaniambia sikuulizwa vizuri. Kisha akaketi kwenye kipandio cha chini, akajifuta shavu kwa kiganja, kwa ukali, kama anayefukuza nzi.

"Ijumaa hicho kikapu cha njiwa utakifikishaje klabuni?" akauliza. "Mimi sikibebi."

"Nani kakuomba?"

"Nitaleta gari saa kumi na moja. Ukichelewa naondoka."

"Saa kumi na moja foleni ya wenye njiwa imeshafika barabarani. Njoo saa kumi."

"Kumi na moja, Baba."

"Kumi na nusu!"

Silke alichukua funguo zake, akatoka, akaubamiza mlango hadi vikombe vikalia kabatini kwangu, ng'ambo ya ukuta. Kumi na nusu hakuikataa.